Utepe wa Shangazi na Kampuni ya Watu Wawili

Shangazi yangu ameshona miaka kumi na tisa kwa utepe wa kupimia uliokatwa. Inchi mbili za mwanzo zililiwa na mkasi, naye hakununua mwingine. Kiuno chako kikiwa thelathini, utepe wake unasoma thelathini na mbili, na ndivyo anavyoandika daftarini. Akikata kitambaa anatumia utepe uleule, basi nguo inakaa mwilini. Karakana ilikuwa yake peke yake. Akikosea, alijigombeza mwenyewe.

Mwaka huu fundi wa mlango wa pili, tunayemwita Mama Suti, alimjia.

"Shoga, mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini majike wanakaa. Tuungane."

Wakaenda kwa wakili. Mimi nilidhani watapeana mikono yaishe, kumbe kuna ubia, kuna kampuni, kuna hisa. Shangazi alitia sahihi kurasa sita. Ukuta wa katikati ukabomolewa.

Nyumbani baba alizisoma zile karatasi mara mbili.

"Dada, hapa katika hisa mia una arobaini. Mmeungana, au umenunuliwa?"

"Tumeungana."

"Mbona kibao kilichobaki mlangoni ni chake?"

Shangazi akaendelea kutafuna, na mdomoni hamkuwa na kitu.

Tangu hapo nilimwona akibisha hodi kwenye mlango ambao funguo zake anazo. Ananiuliza, "Mwanangu, mimi hapa mwenyewe au mfanyakazi?" Nami ningejua wapi? Shule niliiacha darasa la sita.

Zikaja sare za wauguzi, ishirini na mbili. Vipimo vilikuwemo kwenye daftari la shangazi, kukata wakakata mafundi wa Mama Suti, kwa utepe mzima. Muuguzi mkuu alipoivaa yake, mikono ilimeza vidole.

"Hizi ni sare au mapazia? Mwenye duka ni nani?"

Shangazi akamwonyesha Mama Suti. Mama Suti akamwonyesha shangazi.

Mteja alipoondoka, Mama Suti akaja juu. "Hasara hii ni ya karakana yako!"

"Karakana yangu ipi?" shangazi akauliza, na nadhani aliuliza kweli. "Si ulisema ni kampuni moja? Kama ninayo karakana, nirudishie ukuta wangu."

Mama Suti akaziokota sare. "Haya. Ni ya kampuni."

Wakazipunguza sare pamoja, siku tatu. Kisha Mama Suti akaleta kalamu nyekundu. "Tunatoa inchi mbili kwenye kila kipimo cha daftari lako, tunamaliza."

"Si kila kipimo," shangazi akasema. "Utepe ukipotea, huwa naazima kwako. Wengine humo niliwapima kwa wako."

"Wepi?"

"Hawajaandikwa. Nawajua kwa sura."

Sasa kila asubuhi mwenye hisa sitini anakaa kwenye kigoda na daftari mapajani, anauliza: "Huyu je, shoga?" Mwenye hisa arobaini anafumba macho, anamkumbuka mtu, anasema, "Toa," au, "Acha." Wamefika ukurasa wa kumi na moja. Kibao bado ni cha Mama Suti. Jana baba aliniuliza kule dukani mkubwa ni nani, nikamwambia asubiri daftari liishe.

Shangazi, lakini, habishi hodi tena.