Nilisema tupo Kisawasawa, wakaelewa mama ameumwa kisawasawa

Wakuu, kwema? Atakayesema hii ni chai aje kwetu nimpandishe kwenye kichuguu chenyewe.

Naishi kijiji cha Kisawasawa, barabara ya Ifakara kwenda Kidatu. Shikeni hilo jina, ndilo lililoniponza.

Msimu uliopita tulikuwa shambani asubuhi tunavuna mpunga. Bimkubwa akapiga ukelele mmoja, akakaa chini. Nyoka kamgonga juu ya kifundo cha mguu.

Sasa shamba letu halina network. Ukitaka kuongea unakimbia kama dakika mbili, unapanda kichuguu. Mkononi nina kitochi, chaji kijiti kimoja. Smartphone niliiacha home isiingie maji. Akili kubwa hiyo.

Nikamwacha mama na jirani yetu mfugaji, Mzee Ng'wandu, nikakimbia. Salio sina, kumbe namba ya dharura ni bure. Nimeshapoteza muda hapo nawaza nani aniazime simu.

Dada mmoja akapokea. Na mimi kwa malezi yangu nikaanza: habari za asubuhi, habari za kazi, poleni na majukumu. Mama mguu unavimba, mwanaye anauliza za kazi!

Nikamwambia, "Dada, mama yangu ameumwa na nyoka Kisawasawa."

"Pole kaka, naelewa ameumwa kisawasawa. Mpo wapi?"

"Kisawasawa."

"Hali yake nimeielewa kaka. Nauliza mahali."

Wakuu, nilitaka kulia. Nilidhani akiona namba yangu anaona na nilipo, kama kwenye sinema. Wapi! Kitochi hakikumwonesha kitu.

Nikaanza kufoka. Nikamwelekeza nyuma ya kwa Mama Anjela, utadhani wamesoma wote. Yeye katulia tu, mpaka nilipotaja barabara ya Kidatu ndipo akang'amua Kisawasawa ni jina la mahali. Akauliza nikitoka Ifakara kwenda Kidatu, tupo kulia au kushoto, na barabarani kuna alama gani.

Nikasema kulia, kwenye mashine ya kukoboa yenye bati jekundu. Akasema gari linakuja, mgonjwa asitembee, tusimfunge kamba wala kumchanja. Halafu akauliza kama anapumua vizuri.

Nitajuaje, na mimi nipo juu ya kichuguu? Nikashuka mbio kwenda kuangalia. Simu ikakata, na chaji ikaisha hapohapo.

Nikamkuta Mzee Ng'wandu kashatoa wembe. Nikamwambia, "Mzee wangu, nisamehe, weka huo wembe." Akauweka, kanuna. Mama anapumua, ila macho yanamlegea. Sijawahi kuogopa vile.

Nikatoka kwenda kusimama kwenye bati jekundu. Gari likaja, tukaenda kumbeba mama shambani. Akalazwa Ifakara, akapona.

Nilipomsimulia akaniuliza, "Mwanangu, neno 'kijiji' lilikushinda kutamka?"

Basi ndugu zangu, ukipiga dharura anza na kijiji, wilaya na alama ya barabarani kabla simu haijakata. Salamu watakusamehe. Kama network iko mbali na mgonjwa, mwacheni mtu mmoja kwenye simu na mwingine akimbie kuangalia. Na usikate mpaka uambiwe.

Wa Mngeta na Mlimba, shambani kwenu network mnaipatia wapi? Na mnaelekezaje mtu asiyewajua? Shusheni hapa, na matusi nayapokea.

Bimkubwa bado anachechemea kidogo. Watu wakimuuliza kama amepona, anajibu "kisawasawa", halafu ananigeukia mimi.