Mawe Meupe Chini ya Tangi

Mwaka wa pili baada ya kumaliza chuo nilipata kazi yangu ya kwanza, kutunza samaki wa mapambo katika nyumba moja ya wageni mjini Kasese. Shahada yangu ni ya uvuvi, lakini kazi yote ilikuwa tangi moja la kioo, pale mapokezi. Mama mwenye nyumba alinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwezi wa pili samaki walianza kufa.

Walikuwa samaki wadogo wa mtoni kutoka Bwera, waliozoea maji laini yanayoshuka mlimani. Nilikuwa nikibadilisha maji, karatasi ya kupimia pH inasoma saba, nao wanachangamka. Baada ya siku mbili tatu inasoma nane na zaidi, nao wanapanda juu kuhema. Nabadilisha tena. Sikuelewa kwamba huko kupanda na kushuka kwa pH ndiko kulikokuwa kukiwamaliza.

Nilishuku kila kitu: dawa ya maji ya mfereji, chakula, sabuni ya kudekia, hata mafuta ninayojipaka. Nilinawa mikono mpaka ngozi ikakauka. Kitu pekee ambacho sikukishuku ni mawe meupe yaliyotandazwa chini ya tangi, kwa sababu aliyaleta baba.

Baba alitoka Kenya zamani kuja kupasua mawe ya kutengenezea saruji, na bado anayapasua. Nilimwomba mawe meupe, mazuri. Alileta gunia zima begani, na mimi na mama yangu tukayaosha kwenye karai mara tatu. Jumapili iliyofuata alivaa koti lake la kanisani akaenda kuyaona ndani ya tangi. Alisimama pale muda mrefu kuliko wageni wote.

Samaki wa tisa alipokufa, mama mwenye nyumba aliniita.

“Mwanangu, mgeni akiona samaki mfu hapa, anajiuliza jikoni kukoje. Wakiendelea hivi nauza tangi.”

Hakusema mimi ningekwenda wapi. Hakuwa na haja ya kusema.

Ijumaa nilikwenda Bwera kwa mama mmoja anayenitegea samaki mtoni, niongeze wengine. Alikuwa ameketi sokoni na wenzake, wote watu wa ng'ambo ya mpaka. Aliuliza wale wa kwanza walikwenda wapi. Nilipomweleza, alitaka kuona wanakoishi, nikampa simu yenye picha ya tangi. Aliitazama, akawapitishia wenzake.

“Hii si majiwe ya chokaa? Sisi tunachoma hii, tunapaka ku nyumba. Unaweka samaki ya mto mu chokaa, halafu unauliza juu ya nini inakufa?”

“Na njo yeye alisoma,” mwenzake akasema, wakaucheka usomi wangu.

Alikataa kuniuzia hata mmoja.

Nyumbani nilichukua jiwe lililobaki kwenye gunia, nikalikamulia ndimu. Likatoa povu. Niliyajua hayo tangu mwaka wa kwanza wa chuo: jiwe la chokaa huyeyuka polepole majini na kuipandisha pH, ila mchanga wa mtoni hauibadilishi. Niliwahi hata kuyaandika kwenye mtihani. Nilichuchumaa pale nikitafuta namna ya kumwambia baba, nikatunga maneno, nikayafuta, nikatunga mengine. Alirudi kutoka kazini kabla sijamaliza.

Alilitazama povu. “Hilo ni jiwe la chokaa,” akasema. “Ulitaka lifanye nini?”

Nikamwambia kwamba ndilo lililokuwa likiwaua samaki. Aliketi akavua viatu kimoja kimoja, vumbi jeupe likamwagika.

“Uliniomba mawe mazuri. Samaki wanataka nini, hukuniambia. Miaka yote hii nayapasua, na hukuniuliza hata neno moja.”



Kesho yake nilimpelekea mama mwenye nyumba bakuli la mchanga mweusi wa mtoni, nikamweleza yote, pamoja na kosa langu. Alichovya kidole, akasema unafanana na tope la mtaro, na wageni wake hupiga picha mbele ya yale mawe. Mawe yabaki, niondoe samaki. Nilimwambia wapo nkejje, samaki wadogo wa ziwani, ambao maji ya namna ile ndiyo yao. Akasema basi nilete hao.

Sita waliosalia niliwarudisha Bwera kwa ndoo. Yule mama aliwapokea. Nkejje walipofika, niliwatia katika maji yaleyale yaliyokaa na mawe; karatasi ilisoma nane na nusu siku ya kwanza, na baada ya wiki mbili ilisoma vilevile. Hakuna aliyekufa.

Majaribio yangu yalipokwisha, mama mwenye nyumba aliniongezea miezi mitatu mingine ya majaribio. Nilimshukuru, nikaenda kuketi kwenye ngazi za nyuma, karibu na kamba za kuanikia mashuka. Nilijua ninapaswa kufurahi. Nilikuwa nimechoka tu.