Mgomba Uliozikwa Kapseret

Watu wa sinema wakija kwako na magari yao, wape chai waende zao. Nasema hivi kwa sababu ya jirani yangu Nakhumicha, mjane wa hapa Kapseret.

Mwanawe wa pekee, Kituyi, alipanda lori la kwenda Juba akiwa taniboi, msaidizi wa dereva, na hadi leo hajarudi. Sisi Wabukusu, mtu akipotea hivyo, ukoo huzika shina la mgomba badala yake, watu wakalia, mambo yakaisha. Mulongo, ndugu wa marehemu mumewe Nakhumicha, alilitaka jambo hilo sana, maana shamba la Kituyi lilipakana na lake, na aliyezikwa bila mtoto hurithiwa na ukoo. Nakhumicha alikataa katakata.

"Mtoto hajafa. Siwezi kumzika kwa sababu ya njaa yenu ya shamba."

Ndipo akaja Macharia kutoka Nairobi, kijana mwenye adabu na haraka nyingi. Alikuwa akitengeneza filamu kutokana na riwaya ya zamani ya mama anayezika mgomba badala ya mwanawe aliyepotea vitani, ila yeye aliihamishia Eldoret ya leo. Alitafuta boma, na mwanamke wa kuigiza yule mama uzeeni, siku ya mazishi. Riwaya hiyo Kituyi aliisoma kwa sauti jikoni alipokuwa sekondari, mama yake akichambua maharagwe. Nakhumicha akakubali papo hapo.

"Akiiona huko aliko, atajua bado namngoja," aliniambia.

Nilimwonya kwamba kaburi halichezewi. Akanicheka. "Si ni sinema tu, Mama Linah?"

Siku ya kupiga picha, shina lilifungwa shuka jeupe, kaburi likachimbwa kando ya zizi. Alitakiwa kumlilia Samsoni, mtoto wa kitabuni. Alilitaja jina hilo mara moja, kisha moyo ukamshinda.

"Kituyi! Kituyi wangu, umeniachia nani?"

Tulilia sote, hata vijana wa kamera. Mulongo hakulia. Alitupa udongo wa kwanza, wanawe wakafuata, na jua lilipotua kaburi lilikuwa limejaa.

"Mama mwenyewe amemtaja na kumlilia," akawaambia wazee wa ukoo. "Tumezika."

Na wazee, Mungu awasamehe kwa maana mimi siwezi, wakakubali. Mvua iliponyesha, Mulongo alilima lile shamba.

Mwaka huu filamu ikaonyeshwa mjini. Nakhumicha alivaa gauni lake la kanisani, nikamsindikiza. Tulingoja kilio chake mpaka taa zikawashwa. Hakikuwepo. Yule Samsoni wa filamu anashuka kwenye ndege na masanduku yake, mama yake anamkumbatia, watu wanapiga makofi.

Nje, Macharia alimshika mkono kwa heshima. "Pole Mama, ile sehemu yako tuliikata. Watu siku hizi wanataka kutoka wakiwa na hope. So tukaamua kijana asife."

"Asife," Nakhumicha akarudia. "Basi twende Kapseret, mwanangu. Umwambie Mulongo."

Macharia alicheka, akidhani ni utani, kisha akaitwa kupigwa picha.