Siku Tatu bila Jembe

Nilivuka mpaka pale Mutukula nikiwa na ruhusa ya siku saba kutoka shuleni, na kabla sijafika Bukoba nilikuwa nimeshaanza kuzihesabu. Ni tabia yangu mbaya. Nimefundisha darasa la nne miaka mingi, na mtu aliyezoea kengele huisikia hata pale ambapo hakuna. Siku mbili za kwenda, mbili za kurudi, tatu za kufanya lililonileta. Lililonileta lilikuwa swali la mama yangu.

Mdogo wangu wa kiume alifia Goziba, kisiwa cha wavuvi kilicho mbali ndani ya ziwa, wilayani Muleba. Aliondoka kwetu Kinangop, nchi ya viazi na baridi, akisema anakwenda kuona ziwa, akaliona kwa miaka tisa. Alipiga simu kwa nadra, kila mara akiwa na haraka. Kisha homa ilimlaza siku nne na hakuamka tena, na habari zilipotufikia alikuwa ameshazikwa. Aliyetupigia alikuwa nahodha wa boti inayopeleka abiria na mizigo kisiwani. Alisema maneno machache kwa upole, mtandao ukakatika. Mama alibaki ameiweka simu mapajani, akauliza swali moja ambalo aliendelea kuliuliza kwa miezi: "Alizikwa na watu, ama alifukiwa tu?"

Nilimwambia nitakwenda kutafuta jibu.

Bukoba ilinikera tangu asubuhi ya kwanza, na kosa halikuwa la Bukoba. Nilikuwa nimelala nyumba ya wageni Hamugembe, katikati ya migomba, na nilipopanda bodaboda kwenda stendi, dereva alisimama mara nne njiani kusalimia watu. Si kupunga mkono. Kusimama, kuzima pikipiki, kuuliza habari za mgonjwa, za mtoto, za ng'ombe. Mara ya nne nilimgonga begani. Akageuka, akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akasema, "Huyu ni shangazi yangu, dada." Nikamwambia hata mimi nina shangazi. Alicheka. Mimi sikucheka.

Nilifika Muleba jioni ya siku ya pili, kwenye kijiji kilicho juu ya mwalo, yaani pale boti zinapotia nanga. Nahodha alikuwa ameniambia nifikie kwa mama yake. Mama huyo alikuwa mwembamba, mwenye rozari shingoni na sauti ya chini inayokulazimisha uiname ili umsikie. Nyumba yake ilizungukwa na kibanja, shamba la migomba na kahawa pamoja, na sebuleni alikuwa ametandika nyasi mbichi kwa ajili yangu. Alinipa kikapu kidogo chenye kahawa kavu za kutafuna. Nilichukua mbili nikazitia kwenye mkoba, nikidhani ni za kwenda kupika nyumbani. Aliziangalia zikiingia mkobani, akanipa nyingine mbili na kunionyesha kwa jino lake mwenyewe zinavyotafunwa. Nahodha alikuja baadaye, mtu mnene mwenye aibu, akasema tungeondoka asubuhi.

Asubuhi hatukuondoka. Mzee mmoja wa nyumba ya tatu kutoka pale alikuwa amefariki alfajiri, na nahodha alikuja kuniambia kwamba boti itakaa mpaka mazishi yapite. Watoto wa marehemu walikuwa wanatoka Mwanza na Dar es Salaam, kwa hiyo ingekuwa keshokutwa.

"Marehemu ni nani kwako?" nilimuuliza.

"Jirani."

"Jirani tu?"

"Ni jirani, mwalimu."

"Basi si ndugu yako hata kidogo," nikasema, na nilijua sauti yangu inapanda lakini niliiacha ipande. "Mimi nimetoka nchi nyingine. Nina siku za kuhesabu. Hapa kila mtu anasimama kwa ajili ya kila mtu, mtafika lini?"

Alitazama viatu vyake. "Tutaondoka tukishazika," akasema, akaenda zake kupasua kuni msibani.

Nilizunguka ile nyumba siku nzima. Nilipanga mkoba, nikaupangua. Niliteremka mwaloni kuangalia boti kana kwamba kuiangalia kungewasha injini, nikapanda tena kilima. Kijiji kilikuwa kimya namna ambayo sikuielewa, maana hapakuwa na mtu shambani hata mmoja, na migomba ilisimama yenyewe tu kwenye upepo. Kwetu mtu akifa tunaunda kamati, tunakutana jioni, lakini ng'ombe wanakamuliwa na viazi vinapaliliwa. Niliwaona wavivu. Ninaliandika neno hilo kwa sababu ndilo nililofikiri, na nisingependa kujipamba.

Siku ya pili ya kungoja, wote wakiwa msibani, sikuweza tena kukaa. Niliona jembe limeegemezwa ukutani, na nyuma ya jiko palikuwa na magugu kati ya mashina ya kahawa. Nikajiambia, mama huyu amenilisha siku mbili, angalau nimpalilie. Nilikunja sketi nikaanza. Mwili ulifurahi. Ardhi ya pale ni laini, haina mawe, na jembe lilikuwa linatoa mlio mzuri ambao, katika ule ukimya, ulisikika mbali kuliko nilivyodhani.

Nilikuwa nimefika shina la saba hivi nilipomwona mama mwenye nyumba anakuja mbio. Sikuwa nimemwona akikimbia. Alinishika mkono, mkono wote mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Mwanangu, weka chini. Weka chini, waitu," akitumia neno lao la kusihi kwa heshima. Nyuma yake walikuja wazee watatu, wakasimama pale kibanja kinapoanza bila kuingia.

Ndipo nilipoelezwa. Kijiji kikiwa na maiti ambaye hajazikwa, jembe haliingii ardhini isipokuwa kwa kuchimba kaburi. Anayelima siku hiyo ametangaza kwamba kifo hicho hakimhusu, au mbaya zaidi, kwamba kimempendeza. Ile siku iliyonichosha kwa ukimya haikuwa uvivu. Watu wale walikuwa na magugu, walikuwa na kahawa ya kuvuna, walikuwa na kila sababu ya kushika jembe, na walikuwa wamejizuia.

Nilitaka kuwaambia wale wazee kwamba kosa ni langu. Mama hakunipa nafasi. Alisogea mbele yangu akasema kwa Kihaya, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisikie na mimi: "Jembe ni la nyumba yangu. Mgeni hakuambiwa, na wa kumwambia nilikuwa mimi." Wazee wakashauriana. Faini ikawa mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, upelekwe nyumba ya msiba, na apeleke yeye mwenyewe mbele za watu. Alikubali kwa kuinamisha kichwa. Mwanamke wa umri wake, Mkristo wa kuheshimiwa, kuadhirika hivyo kwa sababu mwalimu wa Kinangop hawezi kukaa kitako! Nilitamani ardhi ile laini inimeze.

Tulikwenda pamoja, yeye na mtungi, mimi nyuma yake. Nilipiga magoti mbele ya mjane, nikaomba radhi kwa Kiswahili changu cha darasani. Mjane alikuwa ameshaambiwa habari zangu.

"Ni wewe unayetafuta kaburi la mdogo wako?"

"Ni mimi, mama."

Akawasemesha wanawake waliokuwa wameketi kwenye nyasi, nao wakasogea, huku na huku, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Niliketi. Mmoja akaniuliza mdogo wangu alikuwa mtu wa namna gani. Katika miezi yote ile, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nyumbani waliniuliza gharama, vibali na njia. Nikawaambia alikuwa na pengo la meno ya mbele, alikuwa hawezi kuimba na anaimba tu. Nililia vibaya, kwa sauti, kwenye msiba wa mzee nisiyemjua, na hakuna aliyeona ajabu.

Tulizika siku ya tatu. Nilibeba maji, nikamenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi. Miguu yangu bado ilitaka kwenda. Sitasema nilipona kutotulia kwangu, maana hata wakati katekista anasoma sala ndefu nilijikuta natazama saa. Lakini niliificha saa chini ya mkono wa sweta.

Siku ambayo nilitakiwa kuanza safari ya kurudi, nilikuwa nimesimama Goziba. Kisiwa ni mawe, mabati na harufu ya dagaa walioanikwa kila palipo tambarare. Nahodha alinipeleka upande wa mlimani, kwenye makaburi ya wageni, kwani karibu kila mtu pale ni mgeni. La mdogo wangu lilikuwa na msalaba wa mbao za boti, uliopakwa rangi ya buluu ileile ya boti zilizokuwa chini mwaloni. Mawe yalikuwa yamepangwa pembeni vizuri. Niliyagusa moja moja.

"Hamkutueleza haya kwenye simu," nilisema.

"Mtandao ulikatika." Nahodha alichuchumaa, akang'oa nyasi iliyoota kati ya mawe. "Siku ile nilikuwa hapa, nimeshapakia mzigo wa kurudi Muleba. Tukaushusha. Hapa hakuna mashamba, mwalimu, kwa hiyo tunaacha nyavu. Hakuna wavu ulioingia majini siku mbili, mpaka tulipomaliza kumzika. Wenye makambi ya uvuvi walinung'unika lakini walikubali."

Nikachuchumaa karibu naye.

"Kulikuwa na abiria mmoja, mama mchuuzi wa dagaa," aliendelea, bado anang'oa nyasi. "Magunia yake yalikuwa yameshafungwa na mvua inakuja. Alitufokea sana. Alisema marehemu si ndugu yetu hata kidogo."

Hakuniangalia. Naamini hakusema ili kunichoma. Ni mtu anayesimulia mambo kama yalivyokuwa. Lakini uso wangu uliwaka moto pale kilimani, kwa sababu maneno yalikuwa yangu, yote, mpaka lile la mwisho.

"Kisha?" nikauliza.

"Kisha tukakosa sanda. Duka lilikuwa halina. Yule mama akafungua mzigo wake, akatoa kanga yake mpya, jozi nzima. Akasema afunikwe vizuri, ana mama mahali. Ndiyo aliyozikwa nayo."

Mtandao unapatikana juu zaidi, karibu na jiwe kubwa. Nilipanda peke yangu, nikapiga simu Kinangop. Mama alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Alizikwa na watu, mama," nikamwambia.

Nilisikia kuku wetu nyuma yake. "Watu gani?" akauliza.

Nikaketi juu ya jiwe, nikaacha kutazama saa, nikaanza na yule mama wa dagaa.