Mvula ya Papa Philémon

Papa Philémon wa Nyalukemba, mjini Bukavu, alikuwa mtu wa ofisi, na ofisi yake, tangu vita vianze, ilikuwa hailipi mtu. Watoto walikula ndizi za shamba la mkewe kule Nyangezi, chini ya kilima. Lakini muulize nani analisha nyumba: "Ni miye, chef de famille, kichwa ya nyumba!"

Kila Septemba, sikukuu ya kuzaliwa kwa Bikira Maria, alikwenda Nyangezi kuchoma nyasi za kilima, ili majani mapya yaote kwa ng'ombe. Mvula ilikuja nyuma yake, ikazima moto. Mwaka ule ng'ombe hawakuwepo tena, askari walishawala wote. Haidhuru! Desturi ni desturi.

Mademoiselle Camille, agronome, mtaalamu wa kilimo wa parokia, alimwonya. Moshi wa viwanda na magari ya dunia, alisema, unaongeza joto. Kiangazi kinarefuka, nyasi zinakauka kupita kawaida. "Joto haiwashi kiberiti, papa. Mwenye kiberiti ni wewe. Lakini moto yenye ilikuwa inakufa yenyewe, sasa iko rahisi zaidi iruke mulima."

Philémon alicheka mpaka tai ikalegea. "Moshi ya Ulaya? Itapita barrière gani ya askari barabarani? Hata chumvi inashindwa kufika Bukavu!"

"Papa Bienfait, ngojea kwanza mvula inyeshe," mkewe Micheline alimsihi, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza. "Ile shamba njo chakula yetu."

"Mvula na miye tunajuana."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akawasha, akafumbata mikono, akatazama juu kama anayengoja gari la mkubwa wake. Mbingu kavu. Upepo ukageuka, moto ukashuka. Mama wee! Mbio gani zile! Askari wa barrière walidhani wamevamiwa, wakatoroka na viatu mkononi. Migomba, ambayo siku zote ilishinda moto kwa ubichi wake, safari hii ilikuwa imenyauka. Iliungua yote. Micheline alilia kwa sauti, hakumwonea haya mtu.

Philémon akatafuta wa kulaumu: waasi, wachawi, hata Bikira Maria kwa kuchelewa.

Mvula ilifika Oktoba, Jumapili, saa ya kula. Watoto walikuwa wamekaa mezani, chungu kitupu. Micheline alichukua sahani ya mumewe, akaishika nje chini ya ukingo wa bati la paa mpaka ikajaa maji, akaiweka mbele yake na kijiko.

"Mvula yako, Papa Bienfait. Imefika. Kula."

Bintu, kitinda mimba, akasukuma sahani yake mbele.

"Na miye, papa?"