Jicho la Kushoto la Bwana Rangi

Shemeji yangu ni mtu wa kukera. Nalisema hilo mapema, mtu asije akadhani namsifu kwa sababu amefiwa. Ukimletea chai atakuambia kikombe hakiendani na kisahani. Ukivaa gauni jipya hatakuambia umependeza, atakuambia wekundu wake una zambarau kidogo ndani. Ndiyo maana wanafunzi walimpachika jina la Bwana Rangi, naye akalipokea kama cheo.

Anafundisha sanaa katika shule ninayofanyia kazi ya ukarani, na kila mwaka yeye na klabu yake hutengeneza jarida la wanafunzi. Chumba cha kompyuta kinapakana na ofisi yangu, na ukuta wenyewe mwembamba. Kwa hiyo jarida hilo huwa nalisikia kabla sijaliona: watoto wakigombania picha ya jalada, kipanya kikigongwa mezani kwa hasira, na Shemeji akiwafundisha kukata picha, kumwondolea mtu chunusi bila kumgeuza sanamu ya dukani, na kupanga maandishi yasimkanyage mtu kichwani. Juu ya kompyuta kubwa alibandika karatasi yenye herufi kubwa: PICHA HALISI HAIGUSWI. Maana yake, kabla hujaanza kuchezea picha, toa nakala, uichezee hiyo nakala utakavyo, ile ya kwanza ibaki kama ilivyotoka kwenye kamera. Mwanafunzi aliyesahau alitolewa nje akatulie, awe mtoto wa nani.

Mke wake alikuwa dada yangu, tumbo moja, yeye akiwa mkubwa. Alikuwa mkutubi hapo hapo shuleni, na wanafunzi walimwita Mama Kimya kwa kuwa kutwa alikuwa na kidole mdomoni akiwanyamazisha. Wangemsikia nyumbani! Dada alikuwa akicheka mpaka majirani wanauliza kulikoni. Kamera ndiyo aliyokuwa hapatani nayo. Ukimwelekezea tu, anajifunika uso na kitabu. Picha zake tulizo nazo ni za harusi, amepakwa poda mpaka hatambuliki, na ya kitambulisho, amekodoa macho kama mtu aliyekamatwa. Moja tu ndiyo Dada mwenyewe. Shemeji alimvizia maktaba na kamera ya shule, Dada ameegemea rafu anacheka, kitabu kimemdondoka miguuni, uso wote uko wazi.

Miaka ile ya mwisho Shemeji alikuwa na wimbo mmoja. "Umepauka," anamwambia Dada mezani, mbele za watu. "Unageuka njano. Huli vizuri wewe." Dada alikuwa akimcheka. Baadaye akawa anacheka kidogo. Siku moja nilimkuta mbele ya kioo na kikopo cha poda, yeye ambaye tangu harusi hakuwahi kushika poda, ananiuliza, "Eti mdogo wangu, nimepauka kweli?" Nikamwambia hajapauka hata chembe, na mume wake apunguze mdomo.

Kisha akaugua kweli, ugonjwa wa ghafla, akafa kabla hatujazoea kusema kwamba anaumwa. Hadi leo nikisikia mtu anacheka kwa sauti koridoni huwa nageuka.

Jarida la mwaka huo lilikuwa limefika nusu. Watoto wa klabu wakakubaliana ukurasa wa tatu uwe wa Mama Kimya. Msichana aliyeongoza klabu, ambaye wenzake walimwita Mhariri kana kwamba hakupewa jina kwao, alimwomba Mwalimu apumzike, ukurasa huo watautengeneza wenyewe. Mwalimu akakataa katakata. Alisema mke wake hataguswa na mtu. Akawatoa wote, akarudishia mlango.

Mchana nilimpelekea chai. Nikatupa jicho kwenye skrini, nikabaki nimesimama na kikombe mkononi. Dada alikuwa pale anacheka, mwanya ule ule wa meno, vishimo vile vile vya mashavu, lakini ngozi yake ilikuwa ya bluu. Alionekana kama mtu aliyetolewa majini.

"Shemeji, mbona Dada umemfanya wa bluu?"

"Umesimama upande. Skrini hii ukiitazama upande inadanganya. Njoo mbele."

Akanipisha na kiti kabisa. Nikakaa mbele.

"Bado ni wa bluu."

"Picha ilimwonyesha alivyopauka, njano tupu," akasema. "Nimemwondolea ile njano yote. Nimemrudishia rangi yake, kama siku namuoa. Sasa ndiye."

"Siye. Na Dada hakupauka, nilikuambia hata akiwa hai."

Akanigeukia kwa ukali. "Nimelala kitanda kimoja na huyu mtu tangu wewe unavaa sare ya shule. Leo unifundishe rangi yake?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hapo hapo anatabasamu, mara ya kwanza tangu mazishi. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule nikamwambia ukurasa wa tatu umeharibika. Naye akaenda, akachungulia, akarudi ameinamisha kichwa. "Ni mke wake," akasema. "Mwacheni aomboleze anavyoweza."

Jarida likachapwa. Lilipofika, Shemeji alilifungua ukurasa wa tatu katikati ya chumba cha walimu, akawazungushia. Wakainama mmoja mmoja. "Pole, Mwalimu." "Amependeza kwa kweli." Kila mmoja anatafuta pa kuweka macho. Yeye alikuwa anamwona mke wake, hana wasiwasi wowote. Akakata ukurasa mmoja kwa wembe, akautia kwenye fremu, akautundika sebuleni juu ya kiti ambacho Dada alikuwa akipenda kukalia.

Baada ya hapo mambo yake yakaanza kwenda mrama waziwazi. Alikuja kazini na soksi moja nyeusi na nyingine ya bluu, yeye, Bwana Rangi! Wanafunzi walidhani ni mtindo mpya. Halafu akakosa ngazi ya mwisho, akaanguka na madaftari ya darasa zima. Nikamburuta hospitali, anabisha njia nzima.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, hana haraka. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi. Akaeleza kwamba kile kioo cha ndani ya jicho huwa kinageuka njano pole pole, miaka kwa miaka, na mwenyewe hana habari. "Anaona watu wanapauka," akasema, "anaona mashuka hayatakati. Kumbe ni macho."

"Tangu lini?" Shemeji akauliza.

"Kwa hali hii, ni miaka mingi."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Kama alielewa siku ile, hakuonyesha.

Wakampasua jicho la kulia kwanza. Bandeji ilipotolewa, alitazama ukuta wa koridoni akauliza nani ameupaka rangi upya. Nesi akasema haujapakwa tangu aanze kazi. Kwenye gari alikuwa kama mtoto: hilo shati la dereva, hilo, ile mbingu jamani! Alinishika mkono akaniambia, "Shemeji, kumbe dunia ni safi hivi?" Dereva alikuwa anacheka. Mimi sikucheka, maana nilijua kinachomngoja sebuleni. Nilikuwa nimefikiria kuiondoa ile fremu. Lakini kitu cha kwanza ambacho angeuliza ni iko wapi, na mimi uongo haunikai mdomoni.

Akaingia, akavua viatu, akainua uso. Akasimama pale na kiatu kimoja mkononi.

"Nani amemfanya hivi?" akauliza.

"Ni wewe, Shemeji."

Hakukaa. Alivaa viatu tena, tukaondoka naye kwenda shuleni, ingawa daktari alimwagiza akalale. Mhariri alikuwa ndani anapanga picha za mahafali. Shemeji akamwambia amtafutie picha ya Mama Kimya, ile ya asili. Mtoto alitafuta kila mahali. Ilikuwepo moja tu, na ilikuwa ya bluu. Siku ile ya kujifungia, kwa machozi au kwa yale macho yake, hakutoa nakala. Alichezea ile ile ya kwanza, kisha akaihifadhi. Kadi ya kamera nayo ilikuwa imeshafutwa ili ipigiwe mahafali. Ile karatasi ya herufi kubwa ilikuwa juu ya kompyuta, ukutani, na kati yetu watatu hakuna aliyeinua macho.

"Tunaweza kuirudisha, Mwalimu," Mhariri akasema. "Tuongeze wekundu, na njano kidogo."

Wakajaribu siku nyingi. Shemeji aliniita nikaweka mkono wangu kando ya skrini, apate pa kuanzia. "Alikuwa mweusi kuliko wewe kidogo," anasema. "Kidogo kiasi gani?" anauliza mtoto. Tunabaki tunatazamana. Rangi ikishaondolewa na picha ikahifadhiwa, unachoweza ni kupaka nyingine juu yake tu. Kila walipoongeza, mashavu yalikuwa kama ya siku ya harusi, poda tupu. Mwishowe Shemeji akamwambia mtoto azime, akamshukuru vizuri sana, na huo upole wake ndio ulionitisha.

Tarehe ya jicho la kushoto ikafika, hakwenda. Hospitali wakapiga simu ofisini kwangu. Nikamwambia, akasema wiki ijayo. Wakapiga tena, akasema ana mitihani ya kusahihisha. Daktari alishatuonya kwamba likiachwa sana linakuwa gumu kupasua, na pengine asilione tena. Nikakasirika. Nikamfuata nyumbani.

"Unataka kubaki na jicho moja kwa ajili ya uvivu?"

"Kaa," akasema.

Akaangua ile fremu, akaja nayo dirishani. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, kama wanavyofanya watoto wakipimwa macho.

"Kwa hili la kulia ni maiti," akasema. "Kwa la kushoto ndiye yule niliyemuoa. Wakilipasua na hili, nitamwona wapi?"

Hasira zikaniisha. Nilikaa kwenye kiti cha Dada nikalia, na yeye akaniacha nilie, hakusema neno la kijinga. Sikumtajia hospitali tena. Walipopiga simu niliwaambia tutawaambia.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja mlangoni pa ofisi yangu siku moja, wakati wa mapumziko, kelele za watoto zimejaa uwanjani. "Hata kwa hilo la kushoto ameanza kuingia ukungu," akasema. "Juzi nilikuwa nauona mwanya. Leo siuoni. Wapigie."

Asubuhi ya kwenda, nilimkuta ameshavaa, fremu iko magotini, kiganja kiko kwenye jicho la kulia. Mfuko wake niliuona mlangoni umefungwa. Nje dereva alikuwa anapiga honi.

"Alikuwa vile vile siku zote?" akaniuliza bila kuinua kichwa. "Miaka yote ile niliyokuwa nikimwambia?"

"Vile vile."

"Yeye alijua?"

"Nilimwambia. Aliniuliza mbele ya kioo, nikamwambia hajapauka hata chembe."

"Akasemaje?"

Ningeweza kumeza maneno. Lakini aliuliza kama mtu aliyekwisha kujiandaa, na ni haki yake kuyapata.

"Alisema, 'Lakini yeye ndiye anayejua rangi.' Akaendelea kupaka poda."

Akaendelea kuitazama ile picha. Honi ikapigwa tena, nikatoka nikamwambia dereva akome, hatuendi sokoni. Niliporudi fremu ilikuwa imeshatundikwa mahali pake, naye amesimama karibu nayo, pua inakaribia kugusa kioo.

"Haya," akasema. "Twende."

Kiganja hakukitoa jichoni. Alifunga mlango hivyo hivyo, akashuka hivyo hivyo, anatazama kila kitu kwa lile la kushoto: ukuta, nguo za majirani kwenye kamba, mimi. Nilimshika mkono mpaka kwenye gari, maana kwa jicho lile ngazi hazioni.