Siku Nilipompima Wekesa kwa Mizani ya Chai

Wazee wenzangu wa Mogogosiek wanaijua aibu yangu hii yote, kwa hivyo heri niwasimulie mwenyewe kabla hawajaitia chumvi zaidi.

Miaka ya sabini mwanzoni nilikuwa mchuma chai, na jirani yangu Odhiambo, karani wa ofisi, alikuwa na mtoto wa maziwa ya kopo, mnene hadi macho yamejificha kwenye mashavu, na Wekesa wangu alikuwa wa ziwa la mama tu, mzima lakini wa kawaida, basi laini yote ya nyumba zetu za wafanyakazi wakasema eti Baba Wekesa ameshindwa kununua kopo (hayo maneno yaliniuma kuliko baridi ya asubuhi kwenye chai). Dispensari ilipotangaza mashindano ya watoto wenye afya, zawadi blanketi, nikamwambia Odhiambo hilo blanketi litalala kwangu.

Sasa, wachumaji tulikuwa na ujanja wetu: kikapu kikiwa chepesi, unanyunyizia majani maji kidogo kabla ya kupima. Siku hiyo mke wangu Nasimiyu alimnyonyesha mtoto akashiba, akaniachia, akatangulia kushika foleni, nami nikajiuliza, kwani mtoto na kikapu vina tofauti gani? Nikaazima chupa, nikatia maziwa ya ng'ombe na sukari ya kutosha. Wekesa akanywa kidogo, akageuza uso. Nikamrudishia. Akaisukuma kwa mkono. Nikamwimbia, nikambembeleza, ikaisha, nikajaza nyingine.

Mizani ilikuwa ya chai (dispensari iliiazima kwetu pamoja na mpimaji wake, Arap Koros). Nilipomweka Wekesa kwenye kikapu mshale ukapanda, watu wakaguna, nikamtupia Odhiambo jicho la ushindi. Hapo mtoto akakunja uso, akatapika yote kwenye shati jeupe la Arap Koros, akamalizia na mkojo, na mshale ukateremka watu wote wakiuangalia.

Arap Koros akanitazama pole pole. "Baba Wekesa," akasema, "ata mtoto umetia maji?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nasimiyu hakucheka.

Sista wa dispensari akampangusa mtoto, akasema kwa upole (afadhali angenigombeza): "Mtoto wa ziwa akishiba anaacha mwenyewe. Wa chupa, mkubwa ndiye anamwamulia. Na wewe karani, wako mpunguzie sukari, huo unene si afya, anaweza kukua nao." Odhiambo, aliyekuwa anapangusa machozi ya kicheko, akarudisha kitambaa mfukoni.

Blanketi likaenda kwa mtoto wa laini ya chini, wa kawaida tu, kama Wekesa alivyokuwa asubuhi. Mimi nikapata jina, Baba Maji, na ninalo mpaka leo.

Tukarudi nyumbani, Nasimiyu mbele na mtoto mgongoni. Nilipomweleza yote, chupa na nyimbo, akasema, "Hajui kuongea, na bado alikuambia ameshiba."

 Siku hizi mjukuu akisukuma sahani, mimi ndiye wa kwanza kuiondoa mezani.